Diski Kuukuu Ni Daftari la Kikundi

Leo tuzungumze habari za kompyuta za vikundi. Siku hizi hesabu za hisa na mikopo ziko humo, hata kama mashine yenyewe ni ya mtumba. Halafu inaanza kuchoka, na fundi wa Rongo au Homa Bay anasema: tubadilishe diski, yaani kile kisanduku cha ndani kinachotunza kumbukumbu zote. Ushauri wake si mbaya. Ukitoa ile ya kuzunguka ukaweka ya SSD, kompyuta ya zamani hupata nguvu tena.

Lakini ile kuukuu inaenda wapi? Tumeona wengi wakiiacha kwa fundi, eti haina kazi. Je, daftari la mikopo mngempa mama muuza njugu afungie wateja? Humo mna majina, namba za vitambulisho, namba za simu, na nani bado anadaiwa.

Mtu atasema, “Si tulifuta?” Kufuta kwa kawaida ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo: kurasa nyingine zote zimebaki, na mwenye programu yake atazisoma. Hata kufomati kwa haraka ni vivyo hivyo. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walinunua diski kuukuu sokoni Ghana. Moja ilikuwa na habari za mikataba ya kampuni ya Marekani na serikali yake. Kama wakubwa wanasahau, sembuse sisi!

Basi, kwanza nakala. Msifute chochote kabla hamjafungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine mkaona hesabu zimekaa sawa. Faili isiyofunguka si nakala. Wawepo mweka hazina na mwanachama mwingine. Ndipo fundi aandike juu ya diski nzima, mwanzo hadi mwisho. Kwa ile ya kuzunguka mara moja yatosha, ila huchukua saa kadhaa, kwa hiyo msimharakishe. SSD haitaki njia hiyo, kwa sababu huficha sehemu nyingine. Itumiwe amri yake maalum ya kufuta. Iliyokufa kabisa ifunguliwe, na sahani zake zivunjwe kwa nyundo. Msiichome, moshi wake ni sumu.

Tena si heshima tu kwa wanachama. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza habari za watu azilinde, wala asikae nazo kupita haja.

Mafundi wetu wengi ni waaminifu, hatuwasemi vibaya. Hata hivyo, kabla ya kupeleka mashine, mwambieni awafungulie, mnakili ile namba iliyo kwenye lebo ya diski katika kumbukumbu za mkutano. Mkirudishiwa kuukuu, linganisheni.