Pimeni Jani, Si Maji Pekee



Udongo wetu wa Kericho na Bomet ni mchachu, na chai inaupenda hivyo hivyo. Mchai hustawi pale kipimo cha pH kinapokuwa kati ya 4.5 na 5.6 hivi, na mbolea yenye naitrojeni nyingi tunayoitia kila mwaka huuongeza uchachu huo. Uchachu ndio unaozifungua metali. Alumini na manganizi, ambazo kwingine zingeshikamana na udongo, hapa huyeyuka zikafikia mizizi. Mchai umezoea: majani yake makuukuu yanaweza kubeba hadi gramu 30 za alumini kwa kilo moja ya jani kavu, na usinyauke. Machipukizi tunayochuma huwa na kidogo mno kuliko hayo.

Wasiwasi wangu si mchai. Ni mnavu na mchicha unaojiotea kando ya maji, ambao mama akitoka kuchuma chai huukata njiani awapikie watoto.

Ninazozihofia katika mboga hizo ni metali mbili zenye sumu, kadimiamu na risasi. Kadimiamu huja kidogo kidogo ndani ya mbolea za fosfeti. Huja pia na betri na rangi zilizotupwa. Mmea hauitambui. Mizizi huipitisha kwenye milango ile ile ya zinki na kalisi, kisha hupanda hadi jani, na mchicha ni hodari wa kuikusanya. Risasi hukwama zaidi mizizini. Ile iliyo juu ya jani mara nyingi ni vumbi la barabarani. Kenya iliacha petroli ya risasi mwaka 2006, lakini risasi haiozi. Vumbi hilo huoshwa. Kadimiamu iliyokwisha kuingia ndani ya jani haioshwi.

Maji ya mvua yanayosomba taka za mji wa Kericho huteremkia mto Dionosoyiet. Tukichota chupa ya maji hayo asubuhi moja, tumepima asubuhi hiyo tu; uchafu wa jana umeshateremka. Jani limekunywa msimu mzima. Shirika la Afya Duniani linaruhusu miligramu 0.003 za kadimiamu katika lita moja ya maji ya kunywa, na kiwango cha kimataifa cha mboga za majani ni miligramu 0.2 kwa kilo. Mto unaweza kufaulu mtihani wake huku mboga ya ukingoni ikianguka wake.

Watafutaji madini wa Katanga, Kongo, walijua zamani kwamba mmea huonyesha kilichomo udongoni: walifuata mmea wa Haumaniastrum katangense, wakajua shaba iko chini. Huko Toyama, Japani, kadimiamu ya migodi iliingia mashamba ya mpunga kwa maji ya mto Jinzu, ikalainisha mifupa ya watu, wengi wao wanawake waliozaa mara nyingi. Serikali ilikiri chanzo hicho mwaka 1968, baada ya miongo ya maumivu. Sisi hatuna sababu ya kungoja mifupa.

Naomba kaunti zetu mbili zichume mnavu na mchicha juu ya mji na chini ya mji, kiangazi na masika, kando ya Dionosoyiet na kando ya Nyangores inayopita Bomet kuelekea Mara. Nusu ya kila fungu ioshwe, nusu isioshwe, ndipo tutenge vumbi na kilichopanda kutoka udongoni. Matokeo yasomwe kwenye baraza la chifu, kwa Kipsigis, kabla hayajachapishwa popote.