Amiri Asiyesema: Suffren na Makapteni Wake, 1781–1783



Kila anapotajwa amiri wa Ufaransa Pierre André de Suffren, husemwa kwamba angewafagia Waingereza wote kutoka Bahari ya Hindi kama si makapteni wake waoga na wenye husuda. Nimekuja kuipinga kauli hiyo. Kuzaliwa kwake Provence mwaka 1729, utumishi wake Malta, kutekwa kwake mara mbili na Waingereza: hayo mnayajua, nayapita.

Kauli yenyewe ilitoka kalamuni mwa Suffren, katika barua zake kwa de Castries, waziri wa jeshi la majini. Tangu lini mlalamikaji akawa hakimu?

Tazameni Porto Praya, visiwa vya Cape Verde, tarehe 16 Aprili 1781. Suffren, mwenye manowari tano, aliwakuta Waingereza wametia nanga katika bandari ya Ureno, nchi isiyokuwa vitani. Akaingia papo hapo kupiga. Kapteni Trémigon wa Annibal hakuwa ameiandaa merikebu yake, kwa kuwa hakudhani mkuu wake angevunja amani ya bandari ile. Hata hivyo alimfuata hadi katikati ya mizinga, na akauawa. Huyo ndiye mwoga? Alichokosa ni habari.

Mwaka uliofuata, kikosi cha Ufaransa kilipokuwa kimetoka Île de France (Mauritius ya leo), mkuu wake d'Orves alifariki tarehe 9 Februari. Suffren akashika uongozi. Siku nane baadaye, karibu na Sadras, pwani ya India, alitaka merikebu zake ziuzingire mkia wa safu ya Hughes, amiri wa Waingereza, kwa pande zote mbili. Mbinu hiyo ilikuwa kinyume cha yote waliyofundishwa maofisa wale, na wengi wao walikuwa chini yake kwa wiki moja tu. Sehemu kubwa ya kikosi haikukaribia. Mnashangaa?

Chanzo ninachokithamini kuliko vyote ni shajara ya merikebu. Barua huandikwa mtu akiwa na hasira na akimlenga msomaji mmoja. Shajara huandikwa zamu kwa zamu: upepo unavuma kutoka wapi, tanga gani limekunjwa, ishara gani imepandishwa mlingotini, maji yamebaki kiasi gani. Mwandishi wake hajui bado nani atalaumiwa. Naweza kukaa na ukurasa mmoja kama huo asubuhi nzima. Pambano la Trincomalee, katika Sri Lanka ya leo, la tarehe 3 Septemba 1782 lisomwe kwa namna hiyo. Suffren alipandisha ishara ya kumsogelea adui, kisha akafyatua mzinga ili ishara izingatiwe. Safu nzima ikadhani ni amri ya kupiga, mizinga ikaanza kulia mapema mno. Hapo hapana msaliti.

Nilipokuwa kijana nilisafiri kwa jahazi kutoka Unguja kwenda Pangani. Kabla ya kung'oa nanga, nahodha aliwaita mabaharia wote, hata mpishi, akawaeleza atakachofanya upepo ukigeuka. Tangu siku ile sijaamini kwamba ukimya wa kiongozi ni dalili ya akili kubwa.

Sikatai kwamba wapo waliozembea. Kapteni Tromelin alisitasita zaidi ya mara moja, na hatimaye aliondoka kikosini. Wala sipunguzi ustadi wa Suffren: bila bandari ya kukarabatia, alibomoa nyumba za Cuddalore, mji wa pwani hiyo ya India, apate mbao na kung'oa milingoti ya vyombo vidogo ili manowari kubwa zisimame. Lakini aliyeweza kumweleza seremala wake anataka nini alishindwa kuwaeleza makapteni.

Na tarehe 20 Juni 1783, nje ya Cuddalore, hakujaribu hila yoyote. Aliamuru safu ya kawaida, inayoeleweka na kila ofisa wa Ufaransa. Merikebu 15, ambazo upungufu wa mabaharia wake ulijazwa na askari wa nchi kavu, zilikabiliana na 18 za Hughes. Makapteni wakashika nafasi zao hadi giza lilipoingia, na Hughes akarudi Madras, akauacha mji ule, uliokuwa umezingirwa na Waingereza, mikononi mwa Wafaransa.