Mali Bila Daftari

Juma hili nimeona tuzungumzie nyimbo za filamu, na hasa jambo moja linalosahaulika tunapozisifu: wimbo ni mali ya nani?

Miaka ya tisini ilikuwa miaka ya neema kwa biashara hiyo. Filamu ilitoka, kaseti yake ikafuata, na mara nyingi kaseti ilifika mahali ambapo filamu yenyewe haikufika kamwe. Katika miji yetu walikuwapo watu waliozijua nyimbo za The Bodyguard kwa moyo, ingawa hawakupata kumwona Kevin Costner akimlinda mtu yeyote.

Tuanze na hiyo hiyo. Albamu ya The Bodyguard ilitoka Novemba 1992. Mwimbaji wake mkuu alikuwa Whitney Houston, ambaye alifariki dunia Februari 2012. Albamu ilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma 20, ikatwaa tuzo ya Grammy ya albamu bora mwaka 1994, na mauzo yake duniani kote yanakadiriwa kupita nakala milioni 40. Wimbo ulioibeba, I Will Always Love You, ulikaa namba moja nchini humo majuma 14.

Ukiuliza barazani wimbo huo ni wa nani, utajibiwa kwamba ni wa Whitney. Sauti ni ya Whitney, hilo halina ubishi. Lakini mwenye wimbo ni Dolly Parton, mwanamama wa muziki wa kantri, aliyeutunga mwaka 1973 na kuutoa kwa sauti yake mwaka 1974. Aliutunga alipokuwa akiagana na Porter Wagoner, aliyemwingiza katika kipindi chake cha televisheni na kumfanya ajulikane.

Baadaye Elvis Presley akautaka. Msikilizaji, hebu jiweke mahali pa mtunzi yule. Mtu anayeitwa mfalme wa muziki wa roki anataka kuimba wimbo wako! Lakini meneja wa Elvis, Kanali Tom Parker, alikuwa na sharti lake: nusu ya haki za wimbo ziandikwe upande wao. Dolly akakataa. Ameeleza mwenyewe mara nyingi kwamba usiku huo alilia. Elvis akafariki mwaka 1977 bila kuurekodi.

Miaka 15 baada ya hapo ikaja The Bodyguard, na karatasi ile ambayo Dolly hakuitia saini ikageuka mgodi. Wakati huo kiwango kilichowekwa na sheria ya Marekani kilikuwa senti 6 na robo kwa mwenye wimbo, kwa kila nakala ya wimbo iliyouzwa. Utasema hizo si fedha. Piga hesabu: kwa nakala milioni moja ni dola 62,500, na albamu hii iliuzwa kwa makumi ya mamilioni. Tena yako malipo ya redio. Huko Marekani, kituo cha redio kinapopiga wimbo hewani, anayelipwa ni mwenye utunzi, wala si mwimbaji. Kwa hiyo kila mara redio zao zilipompiga Whitney, mrabaha ulikwenda upande wa Dolly. Whitney alipata haki yake kwa njia nyingine, kupitia mauzo ya sauti yake. Kila mmoja akala jasho lake.

Hata walioketi pembeni walishiba. Katika albamu hiyo hiyo upo wimbo wa Mwingereza Nick Lowe, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1974, na humo umeimbwa na Curtis Stigers. Ni wachache walionunua kaseti kwa ajili ya wimbo huo. Lakini mauzo ni ya kapu zima, na Lowe akapata fedha nyingi ambazo hakuzitazamia.

Sasa turudi barani kwetu. Mwaka 1994 kampuni ya Walt Disney ilitoa filamu ya The Lion King. Nyimbo zilitungwa na Elton John na Tim Rice, muziki wa filamu na Hans Zimmer, na kwaya zikapangwa na Lebo M wa Afrika Kusini. Sisi wa Kiswahili tulikuwa na sababu ya ziada ya kutega sikio, kwani simba aliitwa Simba na nyani akaitwa Rafiki. Albamu yake ilipita nakala milioni 10 Marekani peke yake.

Ndani ya filamu, ingawa si katika albamu ile ya kwanza, Timon na Pumbaa wanaimba kipande kifupi cha The Lion Sleeps Tonight. Wimbo huo ulizaliwa Johannesburg mwaka 1939, katika studio ya Gallo. Aliyeuimba na kikundi chake cha Evening Birds ni Mzulu mmoja aliyeitwa Solomon Linda, na jina lake la kwanza lilikuwa Mbube, maana yake simba. Santuri ile ilipendwa sana Afrika Kusini. Linda aliachia haki zake kwa shilingi 10, akawa mfanyakazi wa kufunga mizigo katika ghala la kampuni.

Wimbo ukavuka bahari. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini kikundi cha The Weavers kiliuimba Marekani kwa jina la Wimoweh, na mwaka 1961 The Tokens wakauimba kwa maneno ya Kiingereza na kufika namba moja. Mwaka uliofuata Linda alifariki maskini, na mjane wake hakuwa na fedha za kuweka jiwe juu ya kaburi.

Kilichowaokoa wanawe ni ajabu ya historia. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia katika makoloni, ilisema kwamba miaka 25 baada ya mtunzi kufa, haki alizoziuza hurudi kwa warithi. Kwa Linda, maana yake ni mwaka 1987. Mwaka 2004 binti zake, wakiongozwa na mwanasheria Owen Dean, waliishtaki Disney huko Afrika Kusini. Februari 2006 wakapatana na Abilene Music, kampuni iliyokuwa ikishikilia wimbo: Linda atajwe kuwa mtunzi mwenza, na familia ipewe fungu la mapato yaliyopita na yajayo. Binti hao walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima.

Wako watakaosema kwamba bila Wamarekani, Mbube ungebaki Johannesburg. Inawezekana. Lakini mchukuzi hulipwa ujira wa kubeba mzigo, hapewi mzigo wenyewe. Whitney naye aliubeba wimbo wa Dolly hadi miisho ya dunia, na hakuna aliyesema kwamba kwa ajili hiyo Dolly anyimwe chake.

Wala tusiseme kwamba Dolly alikuwa mwerevu na Linda mjinga. Mmoja alikuwa na sheria, lugha na mahakama upande wake. Mwingine alikuwa mfanyakazi Mwafrika chini ya utawala wa kibaguzi. Nani angemsomea mkataba?

Vijana wetu hawana tena kisingizio hicho. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na Kenya ina yake ya mwaka 2001. Hata hivyo bado tunasikia habari za kijana aliyeuza wimbo mzima kwa fedha ya pango la mwezi mmoja, tena bila hata karatasi. Ndugu yangu mtunzi, uza ruhusa ya kuimba, uza nakala, lakini utunzi wenyewe usiuachie. Andika tarehe, sajili, na mkataba usioufahamu mpelekee anayeufahamu kabla ya kutia saini. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.