Makimbilio ya Gorila na Haki ya Jirani
Maneno mbele ya wazee, akina mama na vijana wa kando mbili za mto, Kisangani



Leo tunazungumza juu ya makimbilio. Sisi wa Kisangani tunalijua neno hili. Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katika mitaa yetu. Tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umefanya maelfu ya watu waache nyumba zao upande wa Lubunga. Anayekimbia anatafuta kitu kimoja: mahali pa kulala bila woga.

Msituni kuna viumbe wenye akili ambao nao wanatafuta mahali kama hapo: gorila, sokwe mtu na bonobo. Mwaka 2005, huko Goma, gorila mdogo aitwaye Itebero, yatima wa wawindaji, alionekana akivunja kokwa za mchikichi kwa mawe, kama mama zetu wanavyofanya. Wabongando wa Wamba, katika Tshuapa, tangu zamani wanamhesabu bonobo kuwa ndugu, na mila yao inakataza kumla. Kwa hiyo hatukatai kwamba wapewe makimbilio. Tunauliza: yajengwe namna gani?

Tuangalie mlima Kahuzi, Kivu ya Kusini. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 ili kuwalinda gorila, ikapanuliwa mwaka 1975, na mwaka 1980 ikaandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia. Lakini Wabatwa, walioishi na gorila hao tangu mababu, walifukuzwa bila kuulizwa na bila kulipwa. Wakabaki pembeni ya msitu wao, bila shamba na bila dawa zao za miti.

Je, gorila walipata amani? Hapana. Kati ya mwaka 1996 na 2000, wakati wa vita, karibu nusu ya gorila wa sehemu ya mlimani walipotea. Mwaka 2018, Wabatwa wengine walirudi kwa nguvu katika ardhi ya mababu. Miti ikakatwa kwa makala, na damu ikamwagika, ya Wabatwa na ya walinzi wa mbuga. Mwaka 2024, uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ulitangazwa: serikali yetu ilivunja haki za Wabatwa, nayo inapaswa kurudisha ardhi, kulipa fidia na kuomba msamaha.

Somo ni hili: ukimpa mmoja makimbilio kwa kumfanya mwingine mkimbizi, umepanda vita ya kesho.

Hapa kwetu kuna mbuga ya Lomami, katika Tshopo na Maniema. Iliundwa mwaka 2016, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 8,879. Ndani yake kuna bonobo, na nyani lesula ambaye wataalamu walimtambulisha kwa dunia mwaka 2012 tu, ingawa wawindaji wa huko walimjua zamani. Kabla ya kuundwa kwake, mazungumzo yalifanyika kijiji kwa kijiji juu ya mipaka, na wazee wakafanya tambiko. Hiyo haimalizi matatizo yote, kwa sababu nyama ya pori bado inalisha jamaa nyingi na kujaza masoko. Lakini mtu aliyeulizwa anaweza kurudi mezani. Aliyefukuzwa anarudi na panga.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

1. Machifu wasitie sahihi kwenye karatasi ya ardhi, iwe ya mbuga au ya shamba la kampuni, kabla kijiji kizima hakijasikia, wanawake na Wambuti wakiwemo.

2. Vijana wa Lubunga, Opala na Ubundu wakae pamoja kuonyeshana mipaka ya mababu kwa mdomo, si kwa mshale.

3. Anayemkataza mama kuuza nyama ya pori amwonyeshe kwanza njia nyingine ya kulipa masomo ya watoto.

Bonobo hawezi kuja katika mkutano huu kujitetea. Jirani yetu anaweza. Tuanze kwa kumsikiliza yeye.