Kijana Aliyeomba Dola Moja Moja
(Maneno ya mwanachama mmoja katika mkutano mkuu wa mwaka)

 

Nimeombwa nizungumzie uchangiaji. Nianze na deni langu. Mwaka jana nilisimama hapahapa nikaahidi shilingi laki mbili kwa ajili ya vyoo vya shule. Mkanipigia makofi. Hadi jana nilikuwa sijatoa hata senti, na watoto bado wanapanga foleni kwenye matundu yaleyale mawili. Mweka hazina wetu ni mstaarabu, hakunitaja. Najitaja mwenyewe, maana najua sipo peke yangu.

Mwendo mrefu kwetu Ujiji si jambo geni. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo, zaidi ya kilomita elfu moja, iliishia hapa ziwani. Na wazee wanakumbuka mwaka 1967, vijana walipotembea kwa miguu kuunga mkono Azimio la Arusha. Mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki njiani. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere naye alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Angeweza kwenda kwa gari. Lakini watu wakikuona umechosha miguu yako kwa jambo unalolisema, huona haya kukupuuza.

Hao hawakuwa wakichangisha fedha. Aliyechangisha, ambaye nataka mumjue, ni kijana wa Kanada, Terry Fox. Mwaka 1977, akiwa na miaka 18, alikatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa sababu ya saratani ya mfupa. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia kuivuka nchi yake kutoka mashariki kwenda magharibi, mguu mmoja mzima na mmoja wa bandia, akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Alikimbia karibu kilomita 42 kwa siku, yaani marathoni kila siku. Sisi wenye miguu miwili, kutoka hapa hadi Kigoma mjini tunatafuta bodaboda!

Mwanzoni wengi hawakumjali. Kisha akafika Port aux Basques, mji mdogo wa bandari wenye watu wapatao 10,000. Wakamchangia zaidi ya dola 10,000. Hapo ndipo alipopata hesabu yake: ikiwa mji huu umetoa dola moja kwa kila kichwa, kwa nini nchi nzima isiweze? Kanada ilikuwa na watu kama milioni 24. Ombi lake likawa hilo, dola moja kwa kila mtu.

Hakufika mwisho. Tarehe 1 Septemba, baada ya siku 143 na kilomita 5,373, saratani ilikuwa imeingia mapafuni. Alisimama karibu na Thunder Bay, mji ulio kando ya ziwa kubwa kama sisi. Watu wakaendelea kutoa, na Februari 1981 fedha zikapita dola milioni 24. Alifariki Juni mwaka huo, na miaka 23 hajaitimiza.

Sasa tuje kwetu. Kila mwaka tunawangoja wakubwa watano au sita watuahidi mamilioni, halafu tunawafuata kwa simu mpaka wanabadilisha namba. Mama anayeuza dagaa Kibirizi hatumwombi, tunasema hana. Anacho. Ana wajukuu katika shule ile, na elfu moja yake ingefika siku hiyohiyo. Napendekeza bahasha za mwaka huu ziandikwe shilingi 1,000, ziende kila nyumba, na mwenye uwezo aongeze. Ahadi tusizitangaze tena. Tutangaze kilicholipwa.

Na kabla hatujagonga mlango wa mtu, tutembee. Siku ya harambee, saa kumi na mbili asubuhi, nitaondoka kwenye miembe ya kumbukumbu ya Livingstone hadi stesheni ya Kigoma, daftari la michango mkononi. Anayetaka tufuatane avae viatu vya kufaa. Laki mbili zangu nimemkabidhi mweka hazina leo asubuhi. Stakabadhi hii hapa.