Bakassi: mahakama haina jeshi, sasa?

Wakenya wenzangu, mjadala wa mpaka ukianza lazima mtu aulize: mahakama ya The Hague ina jeshi gani? Haina. Hebu tuangalie Bakassi, rasi iliyogombaniwa na Nigeria na Kamerun. Mwaka 2002 mahakama iliamua ni ya Kamerun. Nigeria ikakataa, wanajeshi wake wakabaki palepale. Umoja wa Mataifa ukawaweka mezani, hadi mkataba wa Greentree, Juni 2006: Nigeria iondoe jeshi, Kamerun isiwafukuze Wanigeria wanaoishi pale, wengi wao wavuvi, wala kuwalazimisha kubadili uraia. Hiyo sehemu ya pili ndiyo watu husahau. Makabidhiano yakakamilika Agosti 2008. Kura ya maoni? Wenyeji hawakupigishwa, na maelfu walihama tu.