Jicho Limepona, Mbona Haoni? Njia ya Mwanga Kutoka Mbonini Hadi Kisogoni

Mada kwa semina ya wauguzi, wakunga na maafisa tabibu wa kliniki za mama na mtoto



Kila aliyefanya kazi katika wodi ya macho amewahi kumwona mzee akifunguliwa bandeji asubuhi baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Alikuwa haoni kwa miaka 8 au 10, na wajukuu waliozaliwa katika muda huo anawajua kwa sauti tu. Bandeji ikitoka anapepesa macho, anaitazama mikono yake pande zote mbili, halafu anaanza kuwauliza watu nguo zao wamezinunua wapi. Wodi nzima hucheka. Niliizoea furaha hiyo mpaka nikaamini kwamba kazi yetu ndiyo hiyo: ondoa ukungu, mtu aone.

Aliyenitoa katika imani hiyo ni mtoto wa miaka 4. Aliletwa na bibi yake, mboni zote mbili zikiwa nyeupe tangu azaliwe. Alipasuliwa, na upasuaji ukaenda vizuri. Mwanga ulipita, retina ikaonekana nzima, miwani akavishwa. Siku ya tatu nilimkuta ameketi kitandani akiupapasa ukuta kwa kiganja, vilevile kama siku aliyoingia. Bibi yake alikuwa akinisubiri mlangoni. "Daktari mwanangu, mmesema jicho limepona. Mbona haoni?" Nikamwambia, "Bibi, vuta subira." Lilikuwa jibu la mtu anayetaka kupita mlangoni. Jibu lenyewe ni refu kidogo, na ndilo nililokuja nalo leo.

Kuona kunafanyikia wapi

Tunasema jicho linaona, lakini jicho linapokea tu. Retina, ule utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, ina seli zaidi ya milioni 100 zinazonasa mwanga, ilhali nyuzi zinazotoka humo kwenda kwenye ubongo ni kama milioni 1 tu kwa kila jicho. Kwa hiyo habari imeshachujwa na kufupishwa kabla haijatoka jichoni. Nyuzi hizo hujifunga pamoja kuwa mshipa wa fahamu wa jicho, na mshipa wa kulia na wa kushoto hukutana chini ya ubongo. Hapo nyuzi za upande wa puani huvuka kwenda upande wa pili, za upande wa sikioni hubaki upande wake. Ndiyo maana kila kilicho mkono wako wa kushoto, kikitazamwa na jicho lolote, hupelekwa ubongo wa kulia. Kituo kinachofuata ni thalamasi, katikati ya ubongo, ambako habari za macho mawili bado zimetengwa, kila jicho na tabaka zake. Kutoka hapo safari huishia kisogoni.

Kazi hii ya kisogo ilidhihirishwa na watu walioumia. Katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905, daktari wa macho Tatsuji Inouye aliwapima askari waliopigwa risasi kisogoni wakapona. Macho yao yalikuwa mazima, lakini kila mmoja alikuwa na sehemu mbele yake asiyoiona, na sehemu hiyo ilitegemea risasi ilipita wapi. Inouye akazitumia njia za risasi hizo kuchora ramani ya kisogo kinachoona.

Njia kabla ya msafiri

Ujenzi wa ubongo huanza mapema kuliko tunavyodhani. Kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba itungwe, mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo unakuwa umeshajifunga, na mama wengi wakati huo hawajajua hata kuwa ni wajawazito. Usipojifunga tunapata mgongo wazi. Vidonge vya asidi ya foliki tunavyowapa katika hudhurio la kwanza, ambalo mara nyingi ni mwezi wa 4 au wa 5, vinafaa kwa damu, lakini kwa mrija ule vimekuja jengo limeshaezekwa. Hilo lastahili semina yake, napita.

Retina huchomoza kutoka katika ubongo wenyewe. Ni kipande cha ubongo kilichotoka kuchungulia nje, na baadaye lazima kiunganishwe tena na nyumbani. Kila seli yake hutoa uzi unaotambaa kutafuta njia. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alikieleza kichwa cha uzi kama huo mwaka 1890, kilichotanuka kama kiganja chenye vidole vinavyopapasa. Kinapapasa kemikali: nyingine zinakiita, nyingine zinakifukuza. Katika miaka ya 1940, Roger Sperry alikata mshipa wa jicho la chura, akaligeuza jicho juu chini, akauacha mshipa uote upya. Nyuzi zilirudi kwenye vituo vyake vya zamani, kila mmoja kwao. Matokeo yake, inzi akiwa juu, chura anarusha ulimi chini, na hakujirekebisha kamwe. Uzi ulikumbuka kwao hata pale ambapo kwao hapakuufaa tena.

Basi barabara kuu huchorwa na urithi. Tena, kabla macho hayajaona kitu, retina hujizoeza. Carla Shatz na wenzake walionyesha mwaka 1991, katika retina changa za wanyama, mawimbi ya umeme yakipita bila mwanga wowote, seli jirani zikiamka pamoja. Seli zinazoamka pamoja hushikana pamoja, zinazopishana huachana. Kwa hiyo mtoto anazaliwa na ramani, ila ni ramani ya penseli.

Shamba la ndugu wawili

Nani anaipiga wino? Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu swali la yule bibi lilijibiwa na watu wawili, David Hubel na Torsten Wiesel, waliofanya kazi Marekani pamoja tangu 1958 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, pamoja na Sperry huyohuyo wa chura.

Walianza kwa bahati. Walikuwa wamechomeka sindano nyembamba kisogoni mwa paka ili kusikiliza seli moja moja, wakimwonyesha madoa ya mwanga kwa slaidi za kioo. Seli ilinyamaza kwa saa nyingi. Kisha, slaidi ilipokuwa ikiingizwa kwenye mashine, seli ikalipuka kwa kelele. Doa halikuhusika, kilichoiamsha ni kivuli cha ukingo wa kioo, mstari uliolala kwa pembe fulani ukipita. Seli za kisogo, kumbe, kila moja ina mstari wake inaoupenda: hii wima, ile mshazari. Na nyingi zinasikiliza macho yote mawili.

Ndipo wakauliza swali linalotuhusu. Wakashona kope za jicho moja la mtoto wa paka, wakazifungua baada ya miezi kama mitatu. Jicho lilikuwa zima na retina iliitikia mwanga. Lakini kisogoni, karibu seli zote zilikuwa zikilisikiliza jicho lililobaki wazi peke yake. Lile lililofunguliwa lilikuwa likipiga hodi kwenye nyumba ambayo haina mtu wa kulifungulia. Paka mzima alipofungwa jicho hata kwa zaidi ya mwaka, hakupoteza kitu. Na kwa mtoto wa paka aliye katika wiki ya 4 au ya 5, siku 3 au 4 za kufungwa zilitosha kuleta madhara.

Kilichowashangaza zaidi ni hiki: walipofunga macho yote mawili, uharibifu ulikuwa mdogo kuliko walivyotarajia. Kama tatizo lingekuwa kukosa mwanga tu, macho mawili yangepaswa kuharibika mara mbili. Hapo wakaelewa kwamba kuna ugomvi wa mpaka. Sisi tunaujua ugomvi huo bila kufundishwa. Ndugu wawili wamerithi shamba. Mmoja amekwenda mjini, mwingine amebaki analima. Kila msimu anayelima anasogea hatua mbili. Aliyekwenda mjini akirudi baada ya miaka anakuta minazi ya nduguye imeshazaa kwenye sehemu yake, na mabaraza yote hayamrudishii. Wangeondoka wote wawili, shamba lingeota nyasi, lakini mpaka ungebaki ulipokuwa.

Ndiyo sababu mtoto mwenye ukungu katika jicho moja yuko katika hatari ya haraka zaidi kuliko mwenye ukungu katika yote mawili. Wengi wetu hufikiri kinyume: "jicho moja linaona, tungoje akue." Katika kungoja huko ndiko mpaka unakosogezwa.

Kwa binadamu msimu wa kulima ni mrefu kuliko wa paka, lakini nao una mwisho. Peter Huttenlocher, daktari wa mishipa ya fahamu ya watoto mjini Chicago, alihesabu kwa hadubini maungio ya seli katika ubongo wa watoto waliofariki. Katika eneo la kuona alikuta idadi ikifika kilele karibu na mwezi wa 8, kisha ikipungua mpaka kama umri wa miaka 11. Mtoto mchanga anajengewa maungio mengi kuliko atakayobaki nayo. Yanayotumika huimarishwa, yasiyotumika hung'olewa. Na eneo la mbele, linalopanga mambo na kuzuia hasira, huchelewa kwa miaka mingi zaidi (wenye vijana nyumbani wananielewa).

Jibu nililopaswa kumpa bibi

Sasa turudi mlangoni. Yule mzee wa bandeji aliona kwa miaka 60 kabla lenzi yake haijapata ukungu. Kisogo chake kilishalimwa, mipaka imeshawekwa. Ukungu ulikuwa pazia mbele ya nyumba yenye kila kitu. Mjukuu wa bibi alizaliwa pazia likiwa limeshashushwa. Tulipoliondoa, ndani hapakuwa na samani. Lugha yetu inaita ugonjwa wote huo kwa jina moja, mtoto wa jicho, na jina hilo limetulaza: kwa mzee anaweza kungoja, kwa mtoto hangoji.

Ukungu mzito wa jicho moja uondolewe kabla mtoto hajapita wiki ya 6 hivi. Wa macho yote, kabla ya wiki ya 8 hivi. Macho ya mtoto yakianza kuchezacheza bila kutulia, tujue muda umeshapotea. Na upasuaji ni nusu ya kazi. Lenzi ikitolewa, bila miwani au lenzi ya kupandikiza inayolingana na jicho, picha inabaki ukungu na ubongo unaendelea kukosa cha kujifunza. Nimekwenda nyumba ambako miwani ya mtoto imefungiwa kabatini isije ikavunjika, inatolewa siku ya kliniki tu. Wazazi wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wakitunza kitu cha gharama, na hakuna mtu aliyewaeleza kwamba miwani ile ni chakula cha kisogo, cha kuliwa kila siku.

Makengeza nayo yamo humu. Mtoto mwenye kengeza la kudumu anapokea picha mbili zisizolingana, na ubongo hunyamazisha moja. Jicho lililonyamazishwa hulegea, ingawa ukilipima lenyewe huoni kidonda. Tiba ya zamani, kufunika jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili dhaifu lilime, inafanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7 hivi. Anayeliita kengeza urembo ana haki ya maoni yake, ila amlete mtoto kwanza.

Nisiwakatishe tamaa kuhusu wanaochelewa. Pawan Sinha, anayefundisha chuo kikuu cha MIT, Marekani, aliwafuatilia watoto wa India waliozaliwa vipofu na kupasuliwa wakiwa na miaka 8 na zaidi. Wakipewa kitu cha kushika, hawakuweza mara moja kukitambua kwa macho. Baada ya siku chache au wiki, wakaanza kuweza. Ukali wa kuona haukufika wa kawaida, lakini wengi walijifunza kutambua vitu na watu. Mjukuu wetu naye, miezi kadhaa baadaye, alikuwa akiufuata mpira wa rangi kwa macho. Kusoma ubaoni hawezi. Kwa hiyo mtoto wa miaka 6 akija, msimrudishe kwa kusema amechelewa; mpelekeni.

Wiki ya 6

Utafiti uliofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba watoto wenye mtoto wa jicho hufika hospitali wakiwa wamechelewa sana, na umbali wa nyumbani ni moja ya sababu. Lakini watoto hao hawakukosa kuonana na mtumishi wa afya. Wengi walikuja kwenu, kwenye chanjo ya wiki ya 6, mkawapima uzito na kuwachoma sindano. Tarehe ile kwenye kadi iliwekwa kwa ajili ya chanjo, ila imeangukia ukingoni mwa muda ambao kisogo kinaweza kungoja. Hakuna daktari wa macho nchini anayepata nafasi kama hiyo.

Na mojawapo ya chanjo zenu imo katika habari hii. Mwaka 1941 mjini Sydney, Norman Gregg aligundua kwamba watoto wengi aliokuwa akiwaona na ukungu wa kuzaliwa nao mama zao waliugua rubela wakiwa na mimba changa. Tanzania iliingiza chanjo ya surua-rubela mwaka 2014, kwa hiyo nanyi mnaoitoa mnafanya kazi ya macho, hata kama hamjaandikiwa hivyo.

Basi siku hiyo ya wiki ya 6 mwangalieni mtoto macho pia. Tochi ya simu itaonyesha mboni nyeupe kabisa tu, na nyeupe hiyo yaweza pia kuwa saratani ya retina, ambayo nayo haingoji. Kinachofaa ni ofthalmoskopu. Zima taa, mama ampakate mtoto, simama umbali wa mkono mmoja, weka lenzi kwenye sifuri, angalia mboni zote mbili kwa pamoja. Utaona mng'ao mwekundu au wa chungwa. Kwa watu wetu weusi waweza kufifia kidogo, lakini lazima ulingane pande zote mbili. Ukiona weupe, weusi au tofauti kati ya jicho na jicho, andika rufaa siku hiyo, kwa hospitali ya CCBRT, ya KCMC au penye daktari wa macho wa watoto. Na mama akisema "mwanangu hanitazami," huyo ameshakupimia.

Nimekuja na ofthalmoskopu tatu na betri za akiba. Baada ya chai tutafunga mapazia ya ukumbi huu, na kila mmoja ataangalia macho ya aliyeketi jirani yake mpaka azoee rangi yake.